Faili lipo, ila programu inalitafuta kwingine

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu ujumbe unaowatoa jasho wanaojifunza kuandika programu: faili halikupatikana. Wengi wakiuona hukimbilia kufuta Python, lugha wanayoandikia programu zao, na kuisakinisha upya. Kazi bure. Ujumbe huo huja na Errno 2, yaani kwenye anwani uliyoandika hakuna kitu chenye jina hilo. Tatizo lingekuwa ruhusa, kwa kawaida ungeona 13.

Mara nyingi kosa liko hapa: open("data.csv"). Jina tupu namna hiyo halisemi faili liko wapi, basi programu hulitafuta kwenye folda ilikoanzishwa, si lazima iwe folda ulimohifadhi msimbo. Ukiwa folda ya juu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ukaandika python kazi/soma.py, folda inayotumika ni hiyo ya juu, na data.csv iliyomo ndani ya kazi haitaonekana hata ikae jirani kabisa na soma.py. Kabla ya kugusa kingine, weka mistari hii juu ya ule unaogoma:

import os
print(os.getcwd())
print(os.listdir())

Wa kati unataja folda ilikosimama programu, wa mwisho unaorodhesha vilivyomo. Folda ikiwa siyo, andika Path(__file__).parent / "data.csv", baada ya kuleta Path kutoka pathlib. Wanaofundisha hupenda kuwaambia wanafunzi waandike anwani nzima kuanzia C:. Sikubaliani nao: msimbo huo ukihamia kompyuta nyingine unakufa siku hiyohiyo.

Folda ikiwa ndiyo, soma orodha herufi kwa herufi. Huenda ukakuta data.csv.txt, kwa sababu Windows huficha mkia wa jina na Notepad hupenda kuongeza .txt yake. Au ukakuta Data.csv: Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali, ndiyo maana programu hukimbia vizuri mezani kwako na kukwama ikifika kwenye seva.

Anwani za Windows zina mtego wao. Ukiandika "C:\new\tests.csv", Python husoma \n kuwa mstari mpya na \t kuwa tabo, kisha inatafuta jina ambalo hukulikusudia. Tanguliza r kabla ya alama za nukuu, au tumia /, ambayo Windows huikubali vilevile.

Majina yakitoka kwenye faili la orodha, yachapishe kwa print(repr(jina)). Ukiona 'picha1.jpg\n', umeshampata mwizi: alama ya mstari mpya imebaki mkiani, na kwa print ya kawaida usingeiona. Iondoe kwa jina.strip().

La mwisho huwashangaza hata wazoefu, kwamba kosa hilihili hutokea wakati wa kuandika faili jipya. open("matokeo/jibu.txt", "w") huunda faili, lakini haiundi folda. Tanguliza os.makedirs("matokeo", exist_ok=True).

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu