Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025/2026

Ndugu wanachama,

Kamati ya Utendaji ilikutana mara nne, darasa la Jumamosi liliendelea, na wenzetu wawili walihudhuria Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika wa akili mnemba, mjini Kigali Agosti 2025. Kumbukumbu mnazo.

Nije kwenye lililozua maneno. Septemba, kwa pendekezo langu, Kamati iliahirisha kongamano la mwaka na kuelekeza fedha zake, shilingi 6,400,000, kwenye maombi ya shahada ya uzamivu katika uchakataji wa lugha asilia, yaani kuiwezesha kompyuta kushughulikia lugha za watu. Zililipia mitihani ya Kiingereza ya wanachama watano, ada za maombi 12 na uthibitishaji wa vyeti.

Nimeambiwa nimegawia wachache mali ya wengi. Wengine wameuliza, ufadhili si ni wa bure? Ufadhili ukishapatikana hubeba karo na posho, ila mlangoni mara nyingi mtu hujilipia. Vyuo vingi vya Marekani hutoza dola 75 hadi 125 kwa ombi moja, na mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS unaweza kupita dola 200. Mwalimu wa sekondari azitoe wapi?

Wawili wamepata. Mmoja yuko Ujerumani, ambako mtafiti wa uzamivu mara nyingi huajiriwa kwa mkataba na mshahara. Mwingine yuko MBZUAI, chuo kikuu cha akili mnemba cha Abu Dhabi. Wa Ujerumani hakuwashinda wenzake kwa alama za chuo. Alikuwa amefanya kazi ya kutia alama matini za Kiswahili za kufunzia kompyuta, na kwenye usaili alieleza jinsi neno moja, “hawajatupikia”, lilivyobeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na kauli ya kutendea, na kwa nini programu iliyofunzwa kwa Kiingereza hulikatakata ovyo. Maandiko ya maombi ya wote watano niliyasoma mwenyewe, mengine mara tatu, usiku baada ya kazi.

Watatu walikosa, na nimelaumiwa kwa hilo pia. Mmoja aliomba Uingereza, kwenye vituo vya uzamivu vinavyofadhiliwa na serikali, ambako wanafunzi wa kimataifa hawazidi asilimia 30 ya wanaopewa ufadhili huo. Kikomo hicho sikukiweka mimi. Kuna mwanachama niliyemwokoa asipoteze muda: alitaka nafasi ya Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, katika nchi aliyokuwa ametoka kusomea umahiri, ilhali masharti yanamkataa aliyeishi huko zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyotangulia.

Sasa ada. Kati ya wanachama 84, waliolipa shilingi 30,000 ni 31. Mkutano wa Februari walifika 17, akidi haikutimia, tukaondoka. Nasema kwa uchungu: wengi wa walioandika barua kupinga uamuzi wa Septemba hawamo kati ya hao 31 wala hao 17. Uamuzi ule ningeufanya tena.

Mapato pamoja na salio la nyuma ni 9,120,000, matumizi 7,985,000, salio 1,135,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote.

Mwakani tunatarajia kongamano lirudi, Mungu akipenda, na tupate mfadhili wa kulibeba. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba. Anayetaka andiko lake lisomwe alilete kabla Oktoba haijaisha, ada yake ikiwa imelipwa.

Mwenyekiti