Babu hakuwa Takaungu

Swahibu yangu, asalaam aleikum. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Maskati. Hapa sote wazima, ila nyanya magoti yanamsumbua, muombee.

Nakuandikia manake lile jambo la babu yetu wa kale, yule askari, limefunguka na jana sikupata usingizi. Unakumbuka tulivyokuwa wadogo, kila baada ya Idi twapelekwa Takaungu kuzuru lile kaburi chini ya mbuyu, twaambiwa huyu ndiye askari wa Mazrui, ule ukoo uliotawala Mombasa, aliyekuwa Ngomeni, yaani Fort Jesus. Sasa wiki iliyopita ami kanitolea ule msahafu wa zamani, jalada la ngozi limeliwa na mchwa, na kwenye jani la mwanzo pembeni kuna wino uliogeuka hudhurungi, jina la babu na mwaka 1160. Miaka yote watu waliusoma kama mwaka wa kizungu wakasema aliyeandika alikosea. Nikakaa nikapiga hesabu, 1160 Hijria ni 1747!

Hebu fikiria Mombasa ya wakati ule. Liwali Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kumtambua Ahmad bin Said Albusaidi, mtawala mpya wa Omani, akauliwa mnamo 1746, nduguye Ali akafungwa mle mle Ngomeni, akatoroka, akarudi na watu wake akaitwaa Ngome. Babu yetu alikuwa hai siku zile! Na Mazrui waliokimbilia Takaungu walikwenda baada ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, kuwatoa Mombasa 1837, na nyanya anasema sisi tulifuatana nao. Miaka tisini hiyo. Lile kaburi litakuwa la mjukuu wake au kitukuu, si lake yeye.

Jumamosi nikaenda Ngomeni. Watu wengi wakiingia pale huulizia Wareno tu, na inaniuma, kwa sababu Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu na watu wetu waliishi humo. Nikasimama kwenye kile chumba cha baraza cha Mazrui, nikatazama maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mbao, nikaona labda babu alisimama mlangoni hapa na bunduki yake. Lakini askari wa kawaida hakulala chumbani kwa liwali, au sio? Basi alikuwa akilala wapi?

Nikamuuliza nyanya. Akanyamaza kidogo alafu akasema, zamani akienda mjini wazee wa kike walikuwa wakimuuliza, "Nyinyi si wa Kuze?" na yeye akidhani wamemfananisha na mtu. Wa Kuze, ule mtaa wa Mji wa Kale! Ngomeni mpaka Kuze ni kutembea tu. Kwa hivyo nataka nitafute yale madai ya ardhi ya baada ya sheria ya 1908, watu wa pwani walipoambiwa waandikishe mashamba na nyumba zao, manake ukitaja mipaka wataja na majirani na huyu karithi kwa nani, na jina letu likitokea upande wa Kuze nitaanzia hapo.

Sasa wewe nakuomba kitu kimoja. Baada ya jina la babu kuna nisba, lile jina la kuonyesha mtu atoka wapi, wino umefifia, mimi naona sin, taa, alifu, na mwisho qaf na yaa. Nahisi ni Rustaqi, mtu wa Rustaq huko Omani, lakini sitaki kujidanganya. Nakutumia picha kwa WhatsApp, tafuta mzee anayesoma hati za kale, umuoneshe bila kumwambia mimi nasoma nini.

Nyanya akusalimu, na ami pia.