Barua kwa mdogo wangu aliye Kampala

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka Busia. Sisi wazima. Mama yuko, mguu tu ndio unamsumbua kukiwa na baridi. Biashara ya mukene, hawa dagaa wetu, inakwenda polepole, lakini hatulali njaa.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Pasaka. Ulifika Ijumaa usiku, na Jumamosi saa nane mchana ukapanda teksi kurudi, maana ibada ya Jumapili ilikungoja. Asubuhi ile Mama alikuomba umwombee mguu. Ukamwekea mkono mmoja begani. Mkono wa pili ulikuwa na simu inayowaka, watu wa kwaya wanakuuliza habari za spika. Uliomba vizuri, aya juu ya aya, na ulipofika "Amina" macho yako yalikuwa yameshashuka kwenye kioo. Mama akanyamaza kidogo, kisha akakuuliza, "Umemaliza, mwanangu?" Ukasema ndiyo. Akasema, "Basi kaa. Sasa tuongee na Mungu."

Ulicheka, ukatoka nje kupiga simu. Hukuona kilichofuata. Mama hakuwa anatania. Alibaki pale kwenye mkeka, viganja vimefunguka mapajani, midomo haitikisiki, karibu nusu saa. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikaona haya hata kugonganisha sufuria.

Sikuandikii kukuhukumu, kwa kuwa ugonjwa huo ninao. Unajua mimi ndiye mweka hazina wa akina mama kanisani. Mwezi uliopita nilipiga magoti mezani pa Bwana, mkate ukiwa kiganjani mwangu, nami nilikuwa nahesabu pesa za kukodi turubai. Mkate mkononi, turubai kichwani! Nilirudi kwenye benchi nikalia, na jirani yangu akadhani nimeguswa na wimbo.

Unakumbuka habari ambazo bibi alitusimulia za mwanzo wa uamsho? Mwaka 1929 daktari mmoja mmisionari, Joe Church, alikuja Kampala kutoka Gahini kule Rwanda. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Fikiria, mtu anayetibu wagonjwa kwa jina la Yesu kila siku, na ndani amekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakisoma na kuomba. Siku mbili nzima, na kazi huko Gahini haijapungua hata kidogo. Katika miaka iliyofuata moto ule ukaenea Rwanda, Burundi, Kenya hadi Tanzania, na bibi yetu ni mmoja wa waliofikiwa nao. Kila ninapowaza habari hiyo najiuliza: wangekuwa na ratiba kama yako, wangezipata wapi siku mbili hizo?

Utaniambia kazi ya Mungu haina likizo. Kweli. Ila Martha naye alikuwa anamhudumia Bwana, tena chini ya paa moja naye, na Bwana hakumwambia kwamba chakula ni kibaya. Alimwambia, "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Mtu anaweza kumpikia Yesu na asisikie neno hata moja analosema sebuleni. Hilo linanitisha kuliko dhambi nyingi tunazohubiriwa, kwa sababu dhambi nyingine mtu huiona, na hii hupigiwa makofi. Wanakuita mtumishi hodari. Nani atakuuliza mara ya mwisho uliisikia sauti ya Bwana lini?

Kwa hiyo nakuomba kama dada yako: punguza kitu kimoja. Una kwaya, una vijana, una kesha la Ijumaa, una kamati tatu za harusi za watu ambao wawili wao huwajui vizuri. Anza na hizo kamati. Na ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, iache simu mfukoni, umwambie Bwana, "Niko hapa," halafu usiongeze neno. Mimi nimeanza hivyo sokoni kabla sijafunua magunia. Siku nyingine nakaa tu na akili inazurura hadi kwenye madeni, naivuta irudi. Siku nyingine kunakuwa na utulivu ambao siwezi kukuelezea kwa barua.

Mama bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Tangu Pasaka nimekuwa nikiamka naye. Hatuombi kwa sauti. Anatandika mkeka karibu na dirisha la nyuma, tunakaa mpaka jogoo wa jirani anyamaze. Mkeka ni mpana, ameuacha upande mmoja wazi. Njoo wiki moja, uje bila spika.

Dada yako