Seva yenu inawazungusha wateja wetu: barua ya malalamiko kutoka Kigoma

Msimamizi wa Tovuti,
Wauza Dagaa na Mawese,
Kibirizi,
Kigoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuhifadhi Tovuti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIDAIREKTI ZA SEVA YENU NA MAJIBU YA KITENGO CHENU CHA UFUNDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye niliyeitengeneza na ninayeiendesha tovuti ya kikundi cha wauza dagaa na mawese hapa Kibirizi. Imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na iko kwenye seva yenu kwa ada ya mwaka mzima ambayo tumeshailipa. Mteja wa Tabora, Dodoma au Dar es Salaam anaingia, anachagua dagaa kwa kilo au mawese kwa dumu, analipa kwa simu, na akina mama wa mwaloni wanapata orodha ya mizigo ya kufunga. Ninaandika barua kwa sababu tiketi (maombi ya msaada) nilizofungua kwenu zimefungwa zote na kuandikwa kuwa tatizo limeisha, ilhali halijaisha, na kila mara nimeambiwa kosa ni la msimbo wangu. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa kuwa ushahidi wa ninayoyasema unatoka kwenye majibu ya seva yenu wenyewe.

Mliweka seva mpya ya mbele, inayopokea kila ombi kabla halijafika kwenye seva inayoendesha PHP. Hamkutuarifu. Hapakuwa na barua pepe wala tangazo kwenye paneli. Habari tulizipata mwaloni, simu zilipoanza kufungua ukurasa mweupe wenye maandishi ERR_TOO_MANY_REDIRECTS, yaani ridairekti, amri za kumpeleka mteja kwenye anwani nyingine, zimezidi kiasi. Mama mmoja, vidole bado vina mchanga wa kuanikia dagaa, alininyooshea simu yake akauliza, "Mwanangu, hii imeandika nini? Oda zangu ziko wapi?"

Lilikuwa juma la giza. Nalieleza hili kwa sababu fundi wenu aliniandikia kuwa tovuti kusimama kwa muda "si hasara kubwa". Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikipevuka taa hazivuti tena samaki kama inavyotakiwa, na wavuvi hupumzika. Kipato cha mwezi mzima kinategemea usiku wa giza, dagaa wanaposhuka kwa wingi na wanunuzi wa mbali wanapoagiza. Tovuti ikilala juma hilo, hakuna juma jingine la kufidia mpaka giza lijalo.

Sasa nieleze seva yenu ilifanya nini. Nilifungua terminali nikaandika curl -I na anwani ya tovuti yetu, amri inayoleta heda peke yake, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa, bila ukurasa wenyewe. Anwani niliyoiomba ilianza na https, njia salama inayosimba mawasiliano. Jibu lilikuwa 302, namba ya ridairekti ya muda, na chini yake heda ya Location ikanielekeza kwenye anwani ileile niliyotoka kuiomba, herufi kwa herufi, pamoja na https yake.

Fundi wenu alipoiona hiyo 302 alisema imetoka kwenye PHP yetu, kwa hiyo kosa ni letu. Ni kweli imetoka kwenye PHP yetu. Programu yetu hutazama kama mteja amekuja kwa HTTPS, na kama hakuja hivyo humpeleka kwenye anwani salama. Mwongozo wenu wa wateja unatuagiza tufanye hivyo hivyo. Lakini seva yenu ya mbele inapokea HTTPS kutoka kwa mteja, inafungua usimbaji, kisha inalipeleka ombi ndani kwa HTTP tupu. PHP ikitazama $_SERVER['HTTPS'], mahali inapojulishwa kama ombi limekuja kwa HTTPS, haikuti kitu. Inaamini mteja amekuja bila usalama, inamwambia aende https. Anakwenda, anapokewa na seva ileile ya mbele, anapelekwa ndani kwa HTTP tupu, anaambiwa tena aende https. Chrome huvumilia ridairekti 20 kisha hukata. Kwa mtu aliye Kagunga au Ilagala, ambako mtandao unakuja na kupotea, kila ridairekti ni safari nzima ya kwenda na kurudi kwenye seva, kwa hiyo anasubiri muda mrefu kwa kifurushi chake mwenyewe ili aonyeshwe ukurasa wa kosa.

Dawa ya hali hii inajulikana kwa kila anayeendesha seva za namna yenu. Seva ya mbele huongeza heda ya X-Forwarded-Proto yenye neno https, ili programu iliyo ndani ijue mteja alikuja kwa njia gani. Nilitengeneza faili dogo la PHP linalochapisha heda zote zinazotufikia. X-Forwarded-For, inayobeba anwani ya mtandao ya mteja, ipo. X-Forwarded-Proto haipo. Niliwatumia picha ya matokeo hayo, na tiketi ikafungwa.

Jibu la kwanza la kitengo chenu lilikuwa kwamba wateja wetu wafute kuki, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari. Nililifikisha kwa mawakala wetu, wanaowaagizia wateja, kwa sababu mlisisitiza. Wote walitolewa kwenye akaunti zao, na wengine hawakukumbuka nywila, huku mzunguko ukiendelea kama kawaida. Ungeendelea tu, maana curl niliyoitumia haikuwa na kuki hata moja na ilizungushwa vilevile.

Jibu la pili ndilo lililoniuma, kwa sababu linafanana na ukweli, na mtu asiye fundi angelikubali. Mliandika kwamba kuna nafasi tupu kwenye faili langu kabla ya amri ya header, ile inayotuma heda. Kasoro hiyo ipo kweli. PHP haiwezi kutuma heda baada ya kuanza kutuma mwili wa ukurasa, isipokuwa mwili huo uwe bado umezuiwa kwenye bafa, kumbukumbu ya muda ya seva. Mstari mtupu baada ya alama ya kufunga PHP kwenye faili linaloingizwa, echo iliyosahauliwa, au zile baiti tatu za BOM (alama ya aina ya maandishi), EF BB BF, ambazo baadhi ya vihariri huziweka mwanzoni mwa faili la UTF-8 bila mtu kuziona: chochote kati ya hivyo kinatosha kuharibu. Lakini dalili yake ni kinyume cha yetu. Ridairekti haitokei kabisa. Mteja anabaki palepale, seva kwa kawaida inajibu 200, yaani ombi limefanikiwa, na logi ya makosa inaandika Cannot modify header information, pamoja na jina la faili na namba ya mstari uliotangulia kuchapisha. Logi yetu haina mstari wa namna hiyo, na ridairekti zilikuwa zinatoka bila kikomo. Nyumba iliyofurika maji hamwezi kuiambia bomba lake limeziba. Nilikagua mafaili yote kutafuta baiti hizo, hazipo. Mafaili yetu hayana alama ya kufunga mwishoni, na kila header ya Location inafuatwa na exit, amri ya kusimamisha programu. Niliwaeleza haya yote, na jibu lililofuata lilikuwa lilelile, neno kwa neno.

Kisha mkaongeza jambo la pili bila kumaliza la kwanza. Seva ya mbele ikaanza kuwapeleka wateja wote kwenye anwani yenye www, kwa 301, namba ya ridairekti ya kudumu. Hatukuomba. Tovuti yetu haijawahi kutumia www, na hii 301 haikutoka kwenye PHP yetu, maana ilikuja hata nilipoomba picha, ambazo hazipiti kwenye PHP.

Hapa ndipo pesa za watu zilipoguswa, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii.

Kampuni ya malipo ikishapokea pesa ya mteja hututumia taarifa kwa POST, ombi linalobeba data mwilini mwake, kwenye anwani tuliyoisajili kwao, isiyo na www. Seva yenu iliijibu 301. Mfumo wao haufuati ridairekti, na siwalaumu, kwa kuwa taarifa ya pesa haipaswi kwenda popote inapoambiwa iende. Ukijibiwa kitu kisicho 200 unahesabu kwamba taarifa haikupokelewa. Matokeo yake mteja amekatwa pesa, ujumbe wa muamala anao kwenye simu yake, lakini kwenye orodha ya mwaloni oda yake inasomeka "haijalipwa". Mzigo haufungwi na treni inaondoka bila mzigo huo. Mteja wa Tabora akapiga simu akituita matapeli, na mama aliyepokea simu hakuwa na la kumjibu, kwa sababu orodha iliyo mbele yake ilimwambia hajalipwa. Jina zuri la akina mama hawa limejengwa kwa miaka mingi kabla ya tovuti kuwepo. Ninyi mmelitia doa kwa mstari mmoja wa mpangilio ambao hakuna aliyewaomba.

Mawakala wa Kasulu na Uvinza waliumia kwa njia nyingine. Fomu zetu zinatuma oda kwenye anwani kamili isiyo na www. Kivinjari kikikutana na 301 baada ya POST, kwa kawaida hugeuza ombi kuwa GET, ombi la kusoma ukurasa tu, na kuutupa mwili wake. Kiwango cha HTTP kilichopo sasa, RFC 9110 cha mwaka 2022, kinaliruhusu hilo kwa sababu za kihistoria, na kinaelekeza kwamba asiyetaka ombi libadilishwe atumie 308, ridairekti ya kudumu isiyobadilisha ombi. Hiyo 308 ni kiwango tangu 2015, si kitu kigeni. Wakala anajaza jina la mteja, kilo na kituo cha kupokelea, anabonyeza tuma, anarudishiwa fomu tupu. Seva imejibu 200. Logi haina kosa lolote. Oda imepotea, na hakuna mahali popote ilipoandikwa kwamba ilikuwepo.

Nilipolalamika mliiondoa kanuni ya www, lakini mkaliondoa na jina la www lenyewe kwenye seva ya mbele. Sasa 301 ni ridairekti ya kudumu, na kivinjari kinaruhusiwa kuikumbuka. Simu zilizoipokea siku zile zinakwenda moja kwa moja kwenye www bila hata kuwauliza ninyi, na huko zinakuta hakuna kitu. Ndiyo maana tovuti inafunguka kwenye kompyuta ya fundi wenu na haifunguki kwenye simu ya mama wa Kibirizi. Mama huyo hasemi uongo, na simu yake si mbovu. Mngeanza kwa 302, ambayo kivinjari hakiihifadhi bila kuagizwa, kanuni ingeondolewa na mambo yangekwisha siku hiyohiyo.

Kwa sasa nimelazimika kuzima ukaguzi wa HTTPS kwenye programu ili biashara iendelee. Hali hii siikubali iwe ya kudumu. Mteja anayeingia kwa HTTP tupu habadilishiwi njia, na PHP, kwa kuwa bado inaamini iko kwenye HTTP, inatengeneza viungo visivyo salama ndani ya kurasa za malipo.

Ninachoomba ni hiki. Seva ya mbele itume X-Forwarded-Proto kwa kila ombi, na iiandike upya yenyewe hata mteja akiituma ya kwake, la sivyo mtu yeyote ataweza kuidanganya programu. Jina la www lirudishwe na lifungue tovuti yetu moja kwa moja kwa 200. Tafadhali sana msiliwekee ridairekti ya kulirudisha kwenye anwani isiyo na www, maana simu zinazokumbuka 301 ya kwanza zitaanza kuzunguka upya kati ya majina hayo mawili. Ombi la POST kwenye tovuti yetu lisijibiwe tena 301 wala 302 na seva yenu ya mbele, kwa kanuni yoyote mtakayoiweka baadaye.

Naomba pia logi ya seva ya mbele kwa kikoa chetu, tangu siku mliyoiwasha. Bila hiyo siwezi kujua ni taarifa zipi za malipo zilizokataliwa. Kwa sasa tunalinganisha miamala na oda kwa mkono, daftari na simu, na kuna wateja ambao hatujawapata mpaka leo. Hili ndilo la haraka kuliko yote, naomba lisisubiri mengine.

Kuhusu fidia, muda wa mkataba wetu uongezwe kwa kipindi chote ambacho tovuti ilikuwa haifunguki au haipokei oda, kipindi ambacho logi zenu zitakionyesha. Na kila mnapotaka kubadilisha seva ya mbele, tuarifiwe kwa barua pepe kabla, tuwe na nafasi ya kujaribu.

Sina ugomvi na vijana wenu wanaopokea simu. Wamenijibu kwa adabu, na inaonekana wamepewa majibu ya kusoma. Ninachodai ni kwamba tiketi ifunguliwe upya na ikabidhiwe kwa fundi mwenye ruhusa ya kuona mpangilio wa seva ya mbele, atakayesoma heda nilizoambatisha kabla ya kuandika jibu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na viambatisho vyote.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Tovuti,
Kibirizi, Kigoma.

Viambatisho: matokeo ya curl kwa anwani zote mbili, orodha ya heda zinazoifikia PHP, nakala za tiketi na majibu yenu, orodha ya oda zilizolipwa ambazo taarifa zake hazikutufikia, majina ya wateja yakiwa yamefichwa.