Mwanangu, jini wako mpe masharti

Mwanangu mpenzi,

Riwaya yako ya yule binti wa Kigamboni na jini la baharini nimeisoma yote mpaka ulipoishia sura ya tano. Nina jambo moja kubwa la kukwambia, jini lako linaweza kila kitu. Binti akikosa nauli linampa hela, maadui wakija linawageuza mawe, akiumia linamponya hapo hapo, sasa mi msomaji niogope nini? Tangu sura ya pili nishajua hawezi kudhurika, nasoma tu sina presha.

Hebu fikiria huku kwetu pwani, nani kasikia jini au mganga asiye na masharti? Usigeuke nyuma, usimwambie mtu, lete kuku mweusi, na ukivunja sharti yatakayokukuta ni juu yako. Wazee walishasema mganga hajigangi, mi naona hapo tu pana riwaya nzima, mtu anaponya mtaa mzima ila homa yake mwenyewe haisikii dawa yake. Wewe binti yako kafiwa na mama, basi kila akiliita jini liondoke na kumbukumbu moja ya mama yake, leo sauti, kesho vile alivyokuwa akimsuka nywele, alafu siku pantoni imezima injini katikati ya maji na watu wanapiga kelele, aliite au asiliite? Hapo mi silali mpaka nimalize. Ila sharti tulijue mapema, ukilitoa mwishoni msomaji ataona umemdanganya.

Historia ya wafalme mwanzoni toa yote. Anza na binti kwenye foleni ya pantoni, ya wafalme tutayajua mbele ya safari.

Na usiogope kwamba hadithi za ajabu ni za Wazungu. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima inaelea hewani, lakini kinachokushika mle ni kesi, Karama kashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na wakati ule Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza. Yani nchi haipo, ila uonevu kila msomaji anaujua. Ndo maana mi ile theluji yako ya sura ya nne hainiingii kabisa mwanangu, tuwekee jua la Januari na jasho la foleni, jini likitokea kwenye joto la Dar tutaliamini zaidi.

Wale wavuvi wa Feri pia wanaongea kama wanasoma risala, nenda ukawasikilize asubuhi samaki wanaponadiwa.

Alafu yule bibi muuza ubani nakuomba usimuue. Mrudishe sura ya sita, huyo ndo anayejua masharti yote na bado hujamuuliza yeye jini lilimchukulia nini.

Mama yako