Vitabu vya watoto vitoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Ukiingia katika shule nyingi za msingi ukauliza vitabu vya hadithi viko wapi, utaelekezwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Humo mna kabati, kabati lina kofuli, na ndani vitabu vimepangwa vizuri, vimevalishwa kaki, vimepigwa mhuri ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Vingine havijafunguliwa tangu viletwe. Halafu kwenye kikao cha wazazi tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, wanapenda simu.

Siwalaumu walimu. Kitabu kikiingia shuleni kinaandikwa kwenye leja, na siku ya ukaguzi mwalimu ataulizwa kilipo. Kikipotea ni deni, kikichanika ni maelezo. Kabatini hakipotei wala hakichaniki. Kwa hiyo wa kubadilika kwanza ni anayekagua. Maafisa elimu kata na wathibiti ubora wakiuliza kitabu kimeazimwa mara ngapi, badala ya kuuliza vimebaki vingapi, makabati yatafunguka yenyewe. Kitabu chembamba cha kurasa 24 chenye pini mbili mgongoni, kikishapita mikononi mwa watoto hamsini, lazima kichakae. Hicho kifutwe kwenye leja bila mtu kuandika barua ya kujieleza. Huko Garissa, Kenya, tangu mwaka 1996 vitabu vya maktaba vinapandishwa juu ya ngamia kuwafuata watoto wa wafugaji nyikani. Vyetu vinashindwa kuvuka uwanja wa mstarini kufika darasa la pili.

Kinachofaa ni sanduku la kila darasa. Fundi seremala yeyote analitengeneza kwa plaiwudi, na liwe na kofuli la usiku tu. Asubuhi vitabu vitolewe na kuning'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani iliyofungwa ukutani, mita moja hivi kutoka sakafuni, majalada yakitazama mbele. Darasa la watoto 60 linahitaji nakala 70 au zaidi: tuseme hadithi 30 tofauti, kila moja nakala mbili au tatu. Vitabu lazima vizidi idadi ya watoto, maana vikilingana nayo wa mwisho kwenye foleni hachagui, anapokea kilichobaki. Na nakala mbilimbili zinawawezesha marafiki wawili kusoma hadithi moja na kubishana juu yake.

Kaki ivuliwe. Mtoto wa miaka saba anachagua kwa picha ya jalada, nasi tumeifunika! Kama ni kukinga uchafu, tumieni nailoni angavu, tena isigandishwe kwenye karatasi. Huku pwani unyevu ukinaswa chini yake, ukungu hauchelewi. Pini nazo hushika kutu na kula karatasi, basi zing'olewe mapema na kitabu kishonwe kwa uzi mnene, matundu matatu yanatosha. Selotepu msiiguse. Kwa joto letu inageuka njano, gundi yake inavujia ukurasa wa jirani, na siku ya kuibandua inaondoka na maandishi. Ukurasa uliochanika uungwe kwa utepe wa karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya mbao, ipakwe kidogo. Uji wa ngano unashika vizuri, ila unawaita mende na panya.

Sasa kusoma kwenyewe. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, na hilo linatudanganya. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu na kuvuka ng', ny, mb na nd, tunaona kazi imekwisha. Chukueni neno "tulipowapelekea". Lina silabi nane. Anayelisoma silabi mojamoja, akifika kwenye ile "a" ya mwisho ameshasahau kwamba waliopeleka ni "sisi", na sentensi bado ina maneno matano mbele. Ametamka yote sawasawa, hajaelewa kitu, na hakuna binadamu anayependa kazi ya namna hiyo. Watu humpa kitabu kigumu zaidi ili achangamke. Wanamzamisha. Anachohitaji ni vitabu vingi vyepesi, tena kilekile mara tano au sita, mpaka jicho lizoee kuliona neno zima kwa mara moja. Akiomba kitabu alichokwisha kukisoma, apewe. Akiwa anakiimba kwa kukariri huku kidole kiko mstari mwingine, asichekwe. Mwonyeshe neno moja katikati ya mstari uone kama analitambua, kisha mwache aendelee.

Kujua kama kitabu kinamfaa kuna kipimo rahisi cha vidole. Afungue ukurasa wa katikati, akunje kidole kimoja kwa kila neno linalomkwamisha. Vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho asomewe kwanza. Kwa vitabu vyenye mstari mmoja tu kila ukurasa kipimo hiki hakifai, hapo hata maneno mawili ni mengi. Na kule ambako Kiswahili ni lugha ya pili ya mtoto, picha zizungumzwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, ndipo maneno yafuate.

Kusomewa kusiishie darasa la awali. Dakika 15 kila siku, baada ya uji, zinatosha. Mwalimu awe amekisoma kitabu kabla, la sivyo atajikwaa mbele yao. Watoto wakae chini, karibu, kitabu kikiwaelekea wao. Wakiwa 80 wa nyuma hawaoni picha, kwa hiyo wagawanywe: nusu wasikilize, nusu wasome wawiliwawili chini ya mwembe, kesho wabadilishane. Aanze na "Paukwa!", wao waitike "Pakawa!", wajue kwamba mchezo wa bibi umo pia ndani ya karatasi. Kisha asimame pale fisi anapoingia mlangoni, afunge kitabu na kukiacha mezani. Mapumziko yakifika watakigombea.

Kinachoharibu yote hayo ni muhtasari. Mtoto kamaliza hadithi ya sungura, anaambiwa aandike wahusika, dhamira na funzo, kwa kalamu, mistari kumi. Safari ya pili atachagua kitabu chembamba kuliko vyote, ya tatu atasema amesahau daftari. Mazoezi ya ufahamu yana kipindi chake na kitabu chake cha kiada. Kwa hadithi za kamba swali moja la mdomo linatosha, nalo liwe swali ambalo muulizaji hana jibu lake: wewe ungemfungulia fisi?

Kuazimisha nyumbani kunahitaji daftari la safu nne tu: tarehe, jina, kitabu, kimerudi. Vitoke Ijumaa, virudi Jumatatu, vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili visilowe njiani. Faini msiweke. Mzazi akilipishwa mara moja, mtoto atakatazwa kuleta kitabu chochote nyumbani, na hapo mmeokoa kitabu mkampoteza msomaji. Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi, pengine kubwa kuliko ya anayejua: kwa kuwa hawezi kumsahihisha mtoto, anabaki kusikiliza na kuuliza "halafu ikawaje?" huku akimenya vitunguu. Mzazi msomi hukatiza kila neno.

Najua jibu litakalotolewa: vitabu havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihangaikia jambo hili nchini tangu mwaka 1991, na baadhi ya kazi zake ndizo zilizofungiwa kwenye makabati ninayoyasema. Panapokosekana kabisa, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili ambazo mtu anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bure, zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zenye maneno machache hadi zile za kusomewa. Karatasi nne za A4, zikichapwa pande zote na kukunjwa katikati, zinatoa kijitabu cha kurasa 16 katika steshenari yoyote. Angalieni mpangilio wa kurasa kabla ya kuchapa, kwa sababu ukurasa wa 16 hukaa upande mmoja na wa kwanza. Fundi asipoambiwa atazichapa kwa mfululizo, mkikunja hadithi inaanzia katikati.

Shule zitafungwa Desemba. Badala ya kuvihesabu na kuvirudisha kabatini kwa likizo nzima, kila mtoto aondoke na viwili, na kwenye leja iandikwe vimekwenda wapi.

Mkutubi,
Tanga