Kwa nini hatutozi kuchuja matangazo kwa kuhesabu mistari

Lawama hii tumeizoea, na wiki hii imerudi kutoka kwa mteja wetu wa Area D, Dodoma: "Faili lenyewe la kuchuja matangazo lina mistari michache, iweje mnitoze kazi ya siku nzima?" Alijiona kaibiwa. Tunamjibu hapa, yeye na wengine wenye swali hilo.

Tunafunga Privoxy, proksi inayokaa kati ya kompyuta zako na intaneti na kuchuja matangazo na vifuatiliaji. Programu ni ya bure, na kuiweka hakuchukui muda. Unachotulipia ni kanuni: kipi kizuiwe, kipi kipite, na mtu wa kukaa kuangalia kilichoharibika.

Wanaotaka kuokoa hela wananakili kanuni pana mtandaoni. Inayotusumbua zaidi ni ad*. chini ya +block, yaani zuio. Matangazo yanapungua kweli, mwenye ofisi anafurahi. Lakini mstari huo unakamata kila anwani inayoanza na "ad": ads imo, admin imo, admission nayo imo. Steshenari moja ya jirani na chuo ilituita msimu wa maombi, foleni imefika nje. Tovuti ya udahili haifunguki, mwenye duka kashanunua bando jingine na ruta mpya akidhani mtandao ndio mbovu. Wanafunzi wakahamia duka la pili. Hela ya ile ruta peke yake ingetulipa sisi na chenji ikabaki.

Dawa yake ni kuandika ruhusa, yaani -block, kwa anwani unazozihitaji. Hapo napo kuna mtego. Privoxy husoma kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshinda. Ukiweka ruhusa juu na zuio chini, umeandika bure.

Kanuni za mteja tunaziweka kwenye user.action, faili la kanuni za mtumiaji mwenyewe. Ofisi moja ya Kisasa, kijana wao aliandika zote ndani ya default.action, faili linalokuja na programu. Programu ilipohuishwa, faili jipya likafuta la zamani, na nakala hakuwa nayo. Tulianza upya, nao wakalipa upya.

Wengine wanataka tuzuie ukurasa mmoja tu wa tovuti ya https, yaani yenye mawasiliano yaliyofichwa. Kwa kawaida proksi hapo huona jina la tovuti, haioni ukurasa. Toleo 3.0.29 la mwaka 2020 lilileta uwezo wa kuchungulia ndani, ila unadai cheti cha kidijitali kiwekwe kwenye kila kompyuta. Tovuti za benki hatuzichungulii, hata mteja akiomba.

Siku nzima inaishia wapi? Tunakaa na mhasibu wako, anafungua anachofungua kila siku: ritani za kodi, benki, kontroli namba, maombi ya ajira. Kinachogoma tunakifuatilia hadi mstari uliokikamata, tunauandikia ruhusa, tunajaribu tena. Hatuondoki mpaka vyote vifunguke.

Tovuti ikigoma, usizime proksi wala kununua ruta. Kwenye kompyuta hiyohiyo fungua config.privoxy.org/show-url-info, ukurasa wa Privoxy unaoonyesha kanuni zilizokamata anwani, bandika anwani iliyogoma, utuonyeshe majibu kwa picha ya WhatsApp. Kanuni tulizoandika sisi tunazirekebisha bure. Za fundi mwingine tunatoza kuzisoma kwanza, maana mara nyingi kuzisoma ndiyo kazi kubwa.